Maswali ya Wasomaji: Mfupa, Bima na Pikipiki Baada ya Ajali

SWALI: Wiki sita zilizopita gari lilinigonga kwenye makutano nikiwa kwenye pikipiki. Nilivunjika mtulinga (mfupa kati ya shingo na bega) wa kulia, nikafungwa mkono bila upasuaji. Maumivu yamekwisha karibu yote. Naweza kuendesha?

JIBU: Pole sana, ndugu. Bado usiwashe. Kwa mtu mzima mtulinga huunga kwa wiki 6 hadi 12, na nguvu za bega huchelewa kurudi kuliko mfupa wenyewe. Piga picha ya eksirei, daktari aione. Akikuruhusu, jipime kwenye pikipiki iliyozimwa: bana breki ya mbele kwa nguvu mara 20 mfululizo, zungusha usukani hadi mwisho kila upande, kisha isukume hatua kumi na uisimamishe ghafla. Mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele, na ukifunga breki ghafla uzito wa mwili hukimbilia mabegani. Mkono ukitetemeka au bega likichoma, subiri.

Helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena, hata kama haina mkwaruzo mkubwa. Povu gumu la ndani hupokea pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Iweke kwenye madai ya bima pamoja na jaketi na glavu.

SWALI: Bima ya mwenye gari wamenitumia hati nisaini ili nilipwe wiki hii. Fundi naye anataka kuanza kufungua pikipiki. Nifanyeje?

JIBU: Usisaini kabla ya kuisoma neno kwa neno. Hati za namna hii kwa kawaida husema umepokea malipo kamili na hutadai tena. Bega likihitaji upasuaji baadaye, gharama itakuwa yako. Omba pikipiki ilipwe peke yake, na hati iandikwe wazi kuwa ni kwa uharibifu wa mali tu, madai ya majeraha yanabaki. Kila nchi ina muda wa mwisho wa kudai, kwa hiyo mwulize wakili tarehe yako ni ipi. Mazungumzo na kampuni ya bima si lazima yausimamishe muda huo.

Fundi asiguse hata skrubu moja mpaka mkaguzi wa bima aje apige picha. Kipande kikishatolewa, unabaki kubishana kama kilivunjika kwenye ajali au gereji. Na hata matengenezo yakishaidhinishwa, fundi akikuta uharibifu mwingine ndani asimame, mkaguzi aitwe tena.

Kusanya ripoti ya polisi, picha za eneo la ajali, risiti za hospitali na nauli za kwenda kliniki, barua ya daktari yenye idadi ya siku ulizoshindwa kufanya kazi, na uthibitisho wa kipato chako. Nauli husahaulika sana, nazo ni haki kuzidai.

SWALI: Kampuni ya bima wamesema pikipiki haitengenezeki kwa faida. Nichukue mabaki nitengeneze, au ninunue iliyotumika?

JIBU: Kwanza hakikisha thamani waliyotaja ni ya haki. Kipimo cha kawaida ni bei ya sokoni ya pikipiki kama yako kabla tu ya ajali, wala si bei uliyonunulia. Tafuta matangazo manne au matano ya aina ileile, mwaka uleule na kilomita zinazokaribiana, ambatanisha na risiti za sevisi, upeleke kwa maandishi. Uliza pia watakata kiasi gani ukibaki na mabaki.

Uamuzi wenyewe uko kwenye fremu. Nyoosha usukani, kisha vuta kamba mbili zikigusa pande zote za tairi la nyuma hadi mbele. Nafasi kati ya kamba na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Zikitofautiana, na gurudumu la nyuma limefungwa sawa, huenda kuna kilichopinda: shokapu, rimu au fremu. Angalia pia rangi iliyopasuka karibu na shingo ya usukani. Fremu ikiwa imepinda, mimi ningeachana nayo.

Kwa iliyotumika, fanya vipimo hivyohivyo. Fika injini ikiwa baridi, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole: ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimelika. Tarakimu nne kwenye tairi ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba za fremu na injini zifanane na zile za kadi ya pikipiki. Kwa bega lako, chukua nyepesi ambayo ukiikalia miguu yote inakanyaga chini, na ikiwa na breki za ABS ni bora zaidi, kwa sababu huzuia magurudumu kujifunga.

Usidhani bima ya ile ya zamani itaifuata hii mpya. Pata uthibitisho wa maandishi kabla hujaitoa kwa muuzaji.