Diski ya nje haifunguki kwenye Mac baada ya kuchomolewa ghafla

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Morogoro. Nina diski ya nje ya TB 4, ile ya kuzunguka, niliyoifomati kwa exFAT ili niitumie kwenye Mac yangu na kwenye kompyuta ya Windows ya mwenzangu. Jumamosi usiku nilikuwa nahamisha klipu, nikachomoa waya nikidhani kazi imekwisha. Tangu hapo nikiichomeka kwenye Mac taa inapepesa tu, diski haitokei. Kwenye Disk Utility, programu ya Mac ya kusimamia diski, jina lake ni la kijivu, nikibonyeza Mount hakuna kinachotokea, na First Aid, sehemu yake ya kukarabati, inazunguka bila kumaliza. Mwenzangu anasema niifomati nianze upya. Humo mna harusi tatu ambazo sijawakabidhi wenyewe. Nifanyeje? (Dada mpiga video, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, pole sana. Usiifomati, na asitokee mtu wa kukuharakisha ufanye hivyo. Kwa dalili ulizozieleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba harusi zote tatu zipo salama, na kinachokuzuia kuziona ni Mac yenyewe, ambayo bado inaikagua hiyo diski.

Kompyuta inapoanza kuandika kwenye diski ya exFAT, huweka alama kwamba kazi inaendelea. Ukiitoa diski kwa utaratibu, alama ile inafutwa. Ukiichomoa ghafla inabaki, kama daftari la duka ambalo mwenyewe kaondoka bila kufunga hesabu: mali iko rafuni, ila hakuna anayejua kama imeandikwa yote. Ukiirudisha diski, macOS inaiona alama hiyo na haikubali kuifungua mpaka iikague. Kazi hiyo inafanywa na programu ndogo iitwayo fsck_exfat, na inafanywa kimyakimya, bila dirisha wala asilimia za kukuonyesha imefika wapi. Kwenye flashi ya GB 16 huwezi hata kugundua. Kwenye TB 4 iliyojaa video inaweza kuchukua saa nyingi. First Aid nayo inakwama kwa sababu inaitaka diski ambayo tayari imeshikwa na mwingine.

Hakikisha kwanza kama ndivyo. Fungua Activity Monitor, programu ya Mac inayoonyesha kazi zinazoendelea, nenda menyu ya View, chagua All Processes, kisha andika fsck kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiiona fsck_exfat, tumeshapata jibu. Funga Disk Utility, chomeka chaja, zuia Mac isilale, uiache ifanye kazi usiku kucha. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo wengi wanapojiumiza: wanasubiri dakika chache, wanachoka, wanachomoa, wanachomeka tena. Kila ukichomoa, ukaguzi unaanza upya, na kama ulikuwa katikati ya kurekebisha kitu, umeongeza uharibifu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kama huwezi kusubiri, fungua Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, uandike:

sudo pkill -f fsck

Itakuomba nenosiri la Mac. Herufi hazitaonekana unapoandika, hiyo ni kawaida. Mara nyingi diski hutokea baada ya muda mfupi, ila ikiwa katika hali ya kusoma tu, yaani huwezi kuweka wala kufuta kitu. Usihangaike kuiondoa hali hiyo, maana kwa sasa inakufaa: inakuruhusu kunakili na inaizuia kompyuta isiguse chochote. Tafuta diski nyingine yenye nafasi, uanze na zile harusi tatu. Ukimaliza usiridhike na kuona picha ndogo za klipu. Zifungue, uziruke mpaka mwisho, uone kama zinacheza. Klipu iliyokuwa njiani wakati unachomoa huenda imekatika. Kama ilitoka kwenye kadi ya kamera, itoe kadi hiyo kwenye kamera sasa hivi na usirekodi juu yake hata kama una kazi kesho.

Mali ikishakuwa mahali pengine, ndipo uendeshe First Aid, au kwenye Windows uandike chkdsk E: /f (badala ya E weka herufi ya diski yako). Mafundi wengi huanza na hatua hii, na mimi nakataa. Kazi ya chkdsk ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane na wenyewe, haina uchungu na video zako. Kipande isichojua ni cha nani inaweza kukitupa kwenye folda ya found.000 kwa jina la FILE0000.CHK, na kukirudisha kuwa video inayocheza ni kazi nyingine.

Sasa, kama fsck haipo kabisa kwenye orodha, sogeza sikio kwenye diski. Ikizunguka kwa sauti laini isiyobadilika, ni dalili njema. Ikigonga tik tik, au ikianza kuzunguka na kuzima, badilisha waya kwanza, tumia mfupi, na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio cha USB, kwa maana diski ndogo hizi hutegemea umeme wa tundu hilo na waya uliochoka hauzitoshi. Ikiendelea kugonga, izime na usiiwashe tena. Usiifungue, usiiweke kwenye friza kama watu wanavyoshauriana. Mpelekee mtu mwenye chumba maalumu kisicho na vumbi.

Kama inazunguka vizuri, ipeleke kwenye Windows uitazame kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Kwenye safu ya Raw Values angalia mstari wa 05, yaani sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, na wa C5. Namba ya C5 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu za diski ambazo hazisomeki, hivyo usiendeshe ukarabati wowote. Inatakiwa kwanza itolewe nakala nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Na Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa, bonyeza Cancel. TestDisk, nayo ya bure, mara nyingi inaweza kuorodhesha mafaili yaliyomo na kuyanakili kwenda diski nyingine. Ikishindwa kuna PhotoRec, ila hiyo hurudisha video bila majina yake, na zile zilizohifadhiwa vipande vipande hazitacheza.

Kuhusu mwenzako, namwelewa. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwishoni mwa 2018, diski za nje zimepangwa kutolewa haraka, kwa hiyo watu wa Windows wamezoea kuchomoa bila shida. Mac haina mpangilio huo, na hata Windows haikuokoi ukichomoa wakati klipu bado inaandikwa. Tena exFAT haiweki kumbukumbu ya mabadiliko ambayo ingeisaidia kujirekebisha upesi baada ya kukatwa. Ukishanakili kila kitu, kama kazi yako nyingi ni ya Mac, ifomati hiyo kwa Mac OS Extended (Journaled), ambayo huweka kumbukumbu hiyo, na ununue nyingine ndogo ya exFAT kwa ajili ya kupelekeana kazi tu. Harusi ambayo haijakabidhiwa isikae kwenye diski moja.

Ukishafungua Activity Monitor niandikie umeona nini, na kama fsck haipo, niambie diski inatoa sauti gani.