Kujibu barua ya madai kuhusu mwenendo wako

Ndugu yangu, umeuliza kama kuficha kwenye SF-86, fomu ya kuombea kibali cha usalama, kwamba uliwahi kufukuzwa kazi ndiyo mwisho wa kibali chako cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, hapa Marekani. Si lazima, lakini usilichukulie kirahisi. Chini ya Mwongozo E, sehemu ya vigezo vya vibali inayohusu mwenendo binafsi, kule kuficha mara nyingi huwatia shaka wanaoamua kuhusu kibali kuliko kufukuzwa kwenyewe. Kinachosaidia sana ni kujisahihisha mapema, kwa hiari, kabla mpelelezi hajakubana kwa ushahidi. Kama wewe mwenyewe ulimweleza mpelelezi kwenye mahojiano, liseme hilo waziwazi na utaje tarehe.

Kwa mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi, barua ya madai, ambamo serikali hutaja sababu za kutilia shaka kibali chako, hujibiwa ndani ya siku 20 tangu uipokee, kwa maandishi na kwa kiapo, ukikubali au kukanusha kila dai. Ambatisha barua za wasimamizi wanaozijua tuhuma zenyewe. Sifa za mtu asiyejua kilichotokea hazina uzito mkubwa. Na tafadhali, usikanushe dai la kweli kwa woga. Huo utakuwa uongo wa pili, tena chini ya kiapo. Mtafute wakili aliyezoea kesi hizi kabla ya kutuma chochote.