Alama mbili chini ya sanamu ya kauri: ushahidi au mtego?

SWALI: Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue mfalme Mwekundu wa seti ya sataranji ya kauri ya Kisovieti, yule mfanyakazi mwenye nyundo. Chini yake pana nyundo na mundu kwa rangi ya buluu, na kando yake doa la rangi lililofunika alama ya Tsar Nicholas II, mfalme wa mwisho wa Urusi. Anasema alama hizo mbili zinatosha kuthibitisha kuwa ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nimwamini?

JIBU: Usimlipe kwanza. Anachokisimulia ni kweli, ila ni habari ya sahani na vikombe. Kiwanda cha kauri cha kifalme cha Petrograd (leo St. Petersburg), kilichoanzishwa mwaka 1744, kilipotaifishwa mwaka 1918 kilikuwa na akiba kubwa ya vyombo vyeupe vilivyokwisha kuchomwa na kutiwa alama ya mfalme, lakini havijachorwa. Wachoraji waliokuwa chini ya Sergei Chekhonin waliviandika kaulimbiu za mapinduzi, wakaifunika alama ya zamani kwa doa la rangi na kuweka nyundo, mundu na kipande cha gurudumu la meno.

Sataranji ya Wekundu na Weupe, yaani wanamapinduzi na wapinzani wao, ambayo mfalme wake Mweupe ni kiunzi cha mifupa, iliumbwa na Natalia Danko miaka kadhaa baada ya Nicholas kung'olewa mwaka 1917. Kalibu ya sanamu hiyo haikuwapo enzi za Nicholas, basi alama ya mfalme huyo ilifikaje chini yake? Kwangu mimi doa hilo linamshtaki muuzaji badala ya kumtetea.

Mwombe kimo kwa milimita, kisha ukilinganishe na vipimo vya sanamu iliyoko makumbusho. Kauri hunywea tanurini, pengine kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo anayetengeneza kalibu kutokana na sanamu iliyokwisha kuchomwa hupata nakala fupi: sentimita 20 hurudi kama 17. Nakala ya namna hiyo hupoteza pia makali yake. Vidole vilivyoshika mpini wa nyundo huonekana vimeungana kama mkate uliovimba, na mikunjo ya nguo hujaa glezi, yaani ule utando wa kioo unaoifunika kauri.

Kumbuka pia kwamba kiwanda chenyewe, kilichopewa jina la Lomonosov mwaka 1925, kilirudia kazi za Danko baadaye. Hizo si za kughushi, lakini usizilipie bei ya toleo la kwanza.