Kumwajiri mtafiti wa ukoo Nyanda za Juu Kusini: lipia kutafuta, usilipie kupata

Ukiuliza Iringa au Mbeya nani anafanya kazi ya kutafuta historia za koo, huenda usioneshwe ofisi. Utaelekezwa kwa mwalimu mstaafu, kwa mhitimu wa historia anayesaidia watafiti wa vyuo, au kwa katibu wa zamani wa parokia anayejua vitabu vilivyo kabatini. Yeyote kati yao anaweza kuifanya kazi vizuri. Muulize swali moja kabla ya kutaja bei: ukilikosa jina, utaniletea nini? Anayefaa atasema atakuletea orodha ya vitabu alivyofungua, vya mwaka gani hadi mwaka gani, pamoja na vile alivyopekua bila kuona kitu. Akikuhakikishia kwamba hakuna asichokipata, agana naye kwa heshima.

Makubaliano ya "utanilipa nikishapata" yanavutia kwa sababu hayana hasara mwanzoni. Lakini ndiyo yanayozaa mababu wa kubuni. Mtu ambaye chakula chake kinategemea jina, jina ataliona. Uhehe ni wengi wanaotamani kusikia kwamba wanaungana na Mkwawa, na mtafiti mwenye njaa analijua hilo. Lipa kwa siku za kazi. Anza na siku tano tu: theluthi ya malipo mkononi, theluthi akileta taarifa ya kwanza, theluthi ukishapokea picha za kurasa. Nauli, malazi na ada za ofisi zihesabiwe kando, kwa risiti, zisichanganywe na ujira wake.

Kabla hujatoa hata shilingi, kaa na shangazi na bibi waliobaki, simu ikirekodi kwa ruhusa yao. Andika majina yote ya mtu anayetafutwa: la nyumbani, la ubatizo, la shuleni, na la utani alilopewa kazini kama alikwenda manamba, yaani kibarua cha mashamba ya mkonge, Tanga, au machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Kwa Wahehe uliza na mzilo, yaani mwiko wa ukoo, kwa sababu watu wawili wenye jina moja na miiko tofauti huenda si ndugu. Kwa Wanyakyusa, Mwa- mwanzoni mwa jina inaonesha uzao wa fulani, kwa hiyo usidhani jina lililoandikwa leo ndilo alilolitumia babu wa babu. Uliza pia mahame, yaani makazi yaliyoachwa, yako wapi. Operesheni vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, na makaburi yakabaki kwenye viwanja vya zamani. Mtafiti akianzia kijiji cha sasa atapoteza siku mbili bure.

Kisha mpe swali dogo. "Historia ya ukoo wetu" haina mwisho wala bei. "Babu aliyebatizwa Yohana alitokea wapi kabla ya kufika Makete" ni kazi inayopimika.

Wazee wengi wa huku hawakusajiliwa serikalini walipozaliwa, kwa hiyo vitabu vya makanisa ndivyo hazina kubwa. Mtafiti anayejua kazi atakuuliza dhehebu mapema. Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891. Walutheri wa Misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huohuo, na kufikia 1898 walikuwa Kidugala, Ubena. Misheni ya Kikatoliki ya Tosamaganga, Iringa, ilianzishwa na Wabenediktini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na Wakonsolata kutoka Italia. Vita hiyo ilivuruga kumbukumbu: Wajerumani waliondolewa, na vituo vya Unyakyusa vikasimamiwa na Waskoti wa Misheni ya Livingstonia hadi katikati ya miaka ya 1920. Mfululizo wa ubatizo ukikatika hapo, usikate tamaa, na usikubali pengo lijazwe kwa kukisia.

Kusoma vitabu hivyo ndiko hasa unakolipia. Vya Kikatoliki vya zamani viko kwa Kilatini, na pembeni mwa jina la mbatizwa huandikwa ndoa yake ilifungwa lini na wapi. Mstari mmoja unaweza kukupa utoto na ndoa kwa pamoja, lakini mpiga picha mwenye haraka huikata pembeni hiyo. Sisitiza picha ya ukurasa mzima, ukingo hadi ukingo, na picha ya jalada lenye miaka. Kwa vitabu vya Wajerumani mtihani ni mwingine. Wengi wao waliandika majina ya kigeni kwa herufi za kawaida, ila maelezo wakayaandika kwa mwandiko wao wa zamani, ambao e yake inafanana na n, na u inatofautishwa na n kwa alama ndogo juu. Mtafiti asiyeuzoea ataliona jina la babu yako, asiyaelewe maneno matatu yanayosema alikotoka. Mpe ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kusaini. Matamshi nayo yalipotoka: ch huandikwa tsch, y ikawa j. Chaula atafutwe pia kwenye Tsch-, Kyando kwenye Kj-.

Mipaka inapoteza watu zaidi ya mwandiko. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Tukuyu ya Wajerumani iliitwa Neu-Langenburg. Kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, faili litaombwa kwa jina la zamani, na anayeomba kwa jina la leo peke yake anaweza kurudi mikono mitupu.

Kuna chanzo ambacho watafiti wengi hawakigusi: faili za mirathi za mahakama ya mwanzo. Ndani huwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina ya wake, watoto na ndugu wa marehemu, na sahihi zao. Ukoo uliogombania shamba mara nyingi umeandikwa vizuri kuliko ulioishi kwa amani.

Kwa mahojiano ya wazee, mtafiti aende na ndugu yenu mmoja, apitie kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho, na asifike mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na sabuni ziwemo kwenye bajeti. Akifika, salamu ya "kamwene" kwanza, karatasi baadaye. Asitaje majina aliyokwisha kuyasoma, maana mzee mpole atayakubali yote. Kwa walio hai, adai ridhaa iliyoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda.

Taarifa ya mwisho iwe na kila jina likiwa na alama: limeandikwa, limesimuliwa, au ni kisio. Wazee wawili wakipishana, maneno ya wote wawili yabaki. Na kwenye mkataba tenga siku moja ya mwisho, mtafiti arudi kwa yule bibi aliyehojiwa, amsomee taarifa kwa sauti, taratibu, kalamu mkononi. Hapo ndipo husikika "hapana, huyo alikuwa mdogo wake."