Biashara tatu chini ya paa moja, na zote zinanivuta

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili na biashara tatu, zote nazifanyia nyumbani. Nashona nguo, naoka keki za oda, na jioni nafundisha watoto wa majirani masomo ya ziada. Nilianza na cherehani. Hizo nyingine zilikuja kwa sababu watu waliniomba, nami sikutaka kuikosa pesa. Sasa nalala saa saba usiku na wateja wa nguo wananilalamikia. Mume wangu anasema nifunge mbili nibaki na moja, lakini hakuna hata moja inayotosha peke yake. Nifanyeje? — Mama Cherehani*

Marahaba, mwanangu. Umeniambia saa unayolala na maneno ya mume wako, lakini hukuniambia ni biashara ipi inayokuingizia zaidi. Nashuku hujui. Utajuaje, ikiwa pesa zote zinaingia kwenye simu moja, na humo humo ndimo zinamotoka za unga, za uzi na za viatu vya watoto?

Usifunge kitu bado. Kwa mwezi mmoja, andika kila biashara kwenye ukurasa wake: kilichoingia, kilichotoka, na saa ulizotumia. Nikisema saa, nahesabu pia zile usizozihesabu wewe, kama kujibu ujumbe, kwenda kutafuta zipu ya rangi fulani, kuosha mabakuli, na kumsubiri mteja aliyesema "nimeshafika hapo nje". Kisha toa gharama na ugawe kilichobaki kwa saa. Keki inaweza kukuachia faida mara mbili ya gauni ukafurahi, kumbe imekula saa mara tatu. Hapo gauni ndilo linalokulipa vizuri zaidi, na wewe ndilo unalolisukuma pembeni kila siku.

Na najua kwa nini unalisukuma. Mwanafunzi anabisha hodi saa ile ile, na sherehe ya mtu haisogezwi mbele kwa ajili ya keki yako. Gauni peke yake ndilo linaloweza kusubiri, basi linasubiri mpaka mwenyewe akasirike. Kwa hiyo tunaanza kupanga na cherehani. Ipe asubuhi, watoto wakishatoka, simu ikiwa chumba kingine. Keki zipe siku zake mbili za wiki, na siku hizo usiguse kitambaa. Ukishona robo saa, ukakimbilia oveni, ukarudi kwenye mshono, unajichosha bure. Mtafiti Sophie Leroy aliliandika hili mwaka 2009: mtu akiacha kazi nusu akahamia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka. Nadhani mikono yako ilishakwambia hivyo kila ulipofumua mshono uliokwenda kombo.

Malipo ya awali unachukua? Hukusema, na ukimya huo unanitia wasiwasi. Asiyelipa nusu hajaagiza. Ameulizia bei tu. Hata shoga yako. Hasa shoga yako.

Mume wako ameuona uchovu, na hapo hakukosea. Hesabu ndiyo hajaiona. Hofu yako ina msingi: shule zikifungwa masomo ya ziada yanapungua, na mwezi ambao nguo hazitoki, keki ndiyo inayonunua sabuni. Mwezi ukiisha, kaeni pamoja mzisome hizo kurasa tatu. Ikiwa kuna moja inayokula saa bila kuleta kitu, hiyo ipumzishe miezi michache. Si lazima uizike. Mwambie pia kwamba ushauri wake umeupokea, na kwamba siku za keki chakula cha jioni ni chake. Mtajie siku na kazi yenyewe, maana "nisaidie" peke yake haijawahi kuosha sufuria.

Wateja wa keki usiwape maelezo marefu. Waandikie hivi: "Kuanzia mwezi ujao naoka Ijumaa na Jumamosi tu. Oda zinafungwa Jumanne jioni, na oda inathibitishwa ukishalipa nusu. Asanteni." Watakaonuna watakuwepo, na wachache utawapoteza. Wengi watajifunza kuagiza mapema. Yule anayekupigia Alhamisi usiku akitaka keki ya kesho asubuhi, mpe namba ya mwokaji mwingine unayemwamini, kisha ulale.

Shangazi