Unataka Riziki ya Tatu City? Usianze na Kiwanja

Juzi kijana mmoja wa Juja aliniandikia: "Habari mama. Nina laki sita. Kuna kampuni inauza viwanja vya futi hamsini kwa mia, wanasema ni dakika kumi tu hadi Tatu City. Ninunue ama ningoje?"

Ujumbe wa namna hii huja kila mara na huwa najibu kwa mstari mmoja. Huyu nampa makala nzima kwa sababu wiki hii nimeongezewa mwaka mwingine wa kushona ovaroli za kiwanda kimoja mle ndani, na leo niko na maneno.

Kwa mgeni wa Kiambu: Tatu City ni ekari 5,000 pale Ruiru, ardhi iliyokuwa mibuni mitupu. Mama yangu alichuma kahawa huko. Unalipwa kwa debe, na debe lisipofurika vizuri msimamizi analitikisa hadi buni zishuke, kisha anakurudisha ukaongeze. Wakati kampuni ya Rendeavour ilipokuja na ramani ya mji mzima, wenye nyumba, shule, viwanda, maduka na barabara zao wenyewe, wazee wa kwetu walicheka. Halafu wenye hisa wakaburutana mahakamani kwa miaka, na wazee wakacheka zaidi.

Hawacheki siku hizi. Shule zilitangulia, Nova Pioneer na Crawford, kisha maghala na viwanda. Dormans wanakaanga kahawa mle, Cold Solutions wana maghala ya baridi, CCI wana vijana wanaopokea simu za wateja wa ng'ambo. Unity Homes wakajenga maghorofa ya kuishi. Kinachovuta kampuni si mandhari. Lile ni eneo maalum la kiuchumi, na kampuni yenye leseni ya eneo hilo hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata, wakati wewe na mimi tukifungua kampuni hapa nje tunakatwa 30. Tena wanakuta lami, maji na umeme vikiwangoja. Ukielewa hilo umeelewa mengi, kwa sababu kampuni ikihama kwa ajili ya kodi inahama na zamu zake, na watu wa zamu wanakula, wanapanga vyumba, wanaacha watoto kwa mtu, na wanachanika nguo.

Mimi niliingia kwa nguo zilizochanika.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mlango wa mbele. Kuna kampuni, jina nitalimeza, ambako nilipeleka sampuli ya ovaroli niliyoshona usiku kucha. Afisa wa ununuzi, kijana wa umri wa mwanangu, aliniambia akiwa amesimama mlangoni, "Mama, sisi hatuchukui nguo za soko." Nilimfunulia mshono wa msamba: mistari miwili sambamba, uzi mzito, na pembe za mifuko zimekazwa kwa zigizaga ili zisiachie mtu akiinama. Hakuugusa. Mpaka leo nikimwona mtu amevaa ile rangi ya ovaroli zao naangalia msamba kwanza, na mara nyingi umeachia. Mungu anisamehe, huwa nafurahi kidogo.

Basi nikarudi kibandani kwangu karibu na stendi. Jioni moja msimamizi wa zamu wa kiwanda kingine akaleta ovaroli imepasuka goti. Nikaweka kiraka ndani na nje, nikashonea utepe mpya wa kuakisi mwanga. Akaleta za wenzake. Baadaye mkubwa wake akauliza nani anashona hivi. Hayo mengine ni kusubiri tu, siwachoshi.

Mkataba ulipokuja, cherehani haikuwa tatizo tena. Karatasi ndizo zilizonitoa jasho. PIN ya KRA, yaani namba yako kwa mamlaka ya kodi, cheti cha kuonyesha huna deni la kodi, kibali cha biashara cha kaunti, na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 2024 kampuni ikinunua kitu bila ankara ya eTIMS haiwezi kukihesabu kama gharama kwenye kodi yake, kwa hiyo hata ikikupenda namna gani itakukimbia. Na ujue bidhaa zikiingia kwa kampuni za mle, kikodi ni kama zimetoka nchini. Uliza mteja wako mapema ni karatasi gani zinatakiwa langoni. Usiulize ukiwa langoni.

Hapo ndipo wengi wa kwetu wanaachwa. Nasikia watu kwenye chama chetu cha kuweka akiba wakilalamika kwamba mji ule ni wa matajiri, na kuhusu nyumba sibishani nao, sina hata tofali moja mle. Lakini mpango wao mkuu unataja wakaazi 250,000. Hao wote hawatajishonea wenyewe. Mama anayepika chapati nzuri kuliko hoteli yoyote ya Ruiru hajawahi kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu anashangaa zabuni ya chakula ikienda kwa mtu wa Nairobi. Ndugu zangu, jisajilini! Kibali cha kaunti hakikufanyi mtumwa wa serikali. Nimesema haya kanisani, nimeyasema kwenye chama, na nitayasema tena hapa: jisajilini.

Faida ya mji kama huu kwa jirani ipo, na mimi ni shahidi. Wasichana ninaofanya nao kazi walikuwa wanakaa nyumbani. Sasa mmoja anakata, wawili wanashona, na huyo anayekata ameanza kunipita. Jirani yangu amegeuza sebule yake kuwa mahali pa kuacha watoto, anafungua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya zamu. Tusiutukuze mji kupita kiasi, lakini. Ruiru ilihesabiwa watu 238,858 mwaka 2009 na 490,120 mwaka 2019, na mimi naamini wengi wa walioongezeka waliletwa na barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa. Tatu City imekuta umati umeshaanza.

Sasa viwanja. Binamu yangu alinunua vinne, "karibu na Tatu City" vilevile, akaniuliza mbele ya chama nzima kama bado niko kwa cherehani. Niko, binamu. Viwanja vyako vina nguzo za ua na mbuzi wa watu. Simwombei mabaya, lakini ardhi ya pembeni haipati lami ya mle ndani kwa sababu tu tangazo limetaja jina. Barabara, maji na taa za mle zinaishia kwenye mpaka wao.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Juja. Laki sita ni mtaji wa kazi kabla haijawa bei ya kiwanja. Tafuta kitu ambacho mtu wa zamu anakihitaji kila siku na ukifanye vizuri hadi wakutafute. Ukiona lazima ununue, nenda ofisi ya ardhi mwenyewe ukaangalie hatimiliki ni ya nani, na kama ni shamba, dai idhini ya bodi ya ardhi. Usiende kuona kiwanja Jumamosi mchana kwa gari la kampuni na soda ya bure. Nenda Jumatatu, panda matatu kama mfanyakazi, saa kumi na mbili asubuhi uwe umefika, uone ni dakika ngapi kweli na ni wangapi wanatoka huko kwenda kazini.