Riwaya, Diwani na Tawasifu: Kusoma Kiswahili Nje ya Orodha ya Shule

Muulize Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne amesoma vitabu gani vya Kiswahili. Atakutajia Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Wasakatonge. Mkenya atataja Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri. Vyote vilisomwa kwa ajili ya mtihani, penseli ikipigia mstari dhamira na wahusika, na wengi tangu siku ile hawajagusa kingine. Mtu huyo akija kutaka kusoma tena, huingia dukani na kuomba "kitabu kizuri". Muuzaji hana la kumsaidia, naye huondoka na chochote kilicho karibu na kaunta.

Njia inayofaa zaidi ni kuchagua jambo moja, liwe mahali, tukio au mwandishi, na kulifuata kupitia riwaya, ushairi na kitabu cha habari za kweli. Vitabu vitatu vinavyozungumzia jambo moja husaidiana: kilichokushinda katika utenzi hufunuliwa na tawasifu, na tawasifu iliyojaa majina na tarehe hupata nyama kwenye riwaya.

Chukua biashara ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara. Anza na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Tafsiri ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anaingia kwenye msafara, na Wajerumani wanazidi kusogea. Ukimaliza, nenda kwa Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi ni maelezo yake kwa Kiswahili, yaliyochapishwa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wengi hukwama humo kwa sababu mzee anahesabu pembe za ndovu kwa frasila ukurasa baada ya ukurasa. Kumbuka tu kwamba frasila moja ni takriban kilo 16, kisha piga hesabu ya wapagazi waliohitajika. Hapo orodha ile kavu inaanza kutisha. Cha tatu kiwe Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, kuhusu upinzani wa pwani dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani, wa 1888 na 1889. Ukifika hapo utakuwa unawajua watu hawa na mali zao, kwa hiyo utenzi hautakuwa fumbo.

Kwa Maji Maji ya 1905 hadi 1907 pitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), pamoja na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Tamthilia itangulie, kwani inasomeka kwa jioni moja au mbili.

Zanzibar ndiyo yenye mavuno mengi kuliko kwingine kote, na mtu asiyejua pa kuanzia ningemweka hapo bila kusita. Kuli ya Adam Shafi (1979) inamfuata Rashidi bandarini hadi mgomo wa makuli wa 1948. Vuta N'kuvute (1999) ni ya mwandishi huyo huyo, nene zaidi na tamu zaidi. Iliyotengenezwa filamu ni hiyo, lakini kitabu kitangulie. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert unakupa mji ule ule kwa upande wa taarabu: mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Kwa ushairi chukua N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, diwani ya Mzanzibari anayeandika akiwa Ujerumani. Ukitaka kupumzika katikati, Muhammed Said Abdulla yupo na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960, na hadi leo ndicho ninachompa mtu anayedai Kiswahili kinamchosha.

Kufuata mwandishi mmoja kunafaa pia, ila kwa wale tu walioandika kwa namna zaidi ya moja. Shaaban Robert ndiye rahisi: Kusadikika, kisha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kisha diwani yake yoyote. Ken Walibora ana riwaya ya Siku Njema (1996) na tawasifu ya Nasikia Sauti ya Mama. Adam Shafi ana Haini, riwaya ya gerezani baada ya kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar mwaka 1972, na tawasifu ya Mbali na Nyumbani. Kwa Euphrase Kezilahabi utaratibu una maana kubwa. Anza na Rosa Mistika (1971), kisha Kichwamaji, halafu diwani ya Kichomi (1974), iliyozua ugomvi mkubwa kwa sababu mashairi yake hayafuati vina wala mizani. Nagona na Mzingile visubiri. Ni vyembamba, na wembamba huo umewaponza wengi: mtu anaona kurasa chache, anadhani ni vya wikiendi moja, anakutana na ndoto ndani ya ndoto, na hamrudii Kezilahabi tena.

Ushairi ndio unaokimbiwa zaidi, na mara nyingi kosa huwa katika namna ya kuusoma. Mtu huanza diwani ukurasa wa kwanza na kwenda mbele kama riwaya, kimyakimya. Kufikia shairi la nane hakumbuki hata moja. Soma shairi moja au mawili kwa siku, kwa sauti, mara mbili: mara ya kwanza kwa kufuata mapigo, mara ya pili kwa kufuata maana. Utenzi unaweza kusomwa beti 20 hadi 30 kwa mkao mmoja, maana una hadithi inayokusukuma.

Kujua umbo kidogo kunasaidia. Utenzi wa kawaida una vipande vinne katika kila ubeti, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Tarbia ina mishororo minne, na kila mshororo umegawanyika ukwapi na utao, mizani 8 kwa 8. Mizani huhesabiwa kwa silabi: "mtu" ni mbili kwa sababu m inasimama peke yake, "mwana" ni mbili, "nyumba" ni mbili. Ukihesabu ukapata 7 au 9, usimlaumu mshairi upesi. Aghalabu ni kosa la chapa, au umelitamka neno kwa Kiswahili sanifu ilhali limeandikwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, au Kimvita, lahaja ya Mombasa.

Lahaja hizo ndizo ukuta wa pili. Kwa Kiamu, ndia ni njia, mato ni macho, zombo ni vyombo. Ukishazoea kwamba ch ya sanifu mara nyingi inageuka t, nj inageuka nd, na vy inageuka z, sehemu kubwa ya ugumu inakwisha bila kufungua kamusi. Kwa hiyo usianzie kwa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiamu, hata kama kila mtu anausifu. Anza na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972 baada ya kufungwa kwa kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? Ni Kimvita cha karibu na siku zetu, na hasira yake inaeleweka hata pale neno moja moja linapokupita. Kisha Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858, wenye beti mia na kidogo. Mashairi ya Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa, na Al-Inkishafi vifuate. Mwenye kutaka kuelewa kanuni zenyewe atafute Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Amri Abedi (1954).

Kamusi iwe karibu lakini imefungwa. Pigia mstari neno usilolijua, endelea, na ulitafute mwisho wa sura. Nusu ya maneno yatakuwa yamejieleza yenyewe. Anayefungua kamusi kila mstari huacha kitabu kabla ya ukurasa wa 30. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha kwa riwaya nyingi. Kwa maneno ya zamani ya pwani, mzee wa Mombasa au Lamu ni bora kuliko kamusi yoyote niliyowahi kufungua.

Sasa kununua. Dar es Salaam kuna duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora na Soma Book Café kule Mikocheni. Nairobi kuna Text Book Centre na maonyesho ya vitabu ya kila mwaka. Nairobi pia kuna "bookshop" za inama, vitabu vikiwa vimetandazwa chini kando ya barabara, na huko ndiko kwenye bahati. Kitabu kikitolewa kwenye mtaala, nakala zake humwagika mitaani kwa wingi na kwa bei ya kutupa. Ukisikia orodha ya vitabu teule inabadilika, subiri miezi michache kisha upite.

Kabla ya kulipa kuna mambo ya kukagua. La kwanza, soma jalada lote. Vitabu vingi mezani ni miongozo, na neno "Mwongozo wa" huandikwa kwa herufi ndogo juu ya jina kubwa la riwaya. Utafika nyumbani na muhtasari wa kitabu badala ya kitabu. La pili, kagua namba za kurasa. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likikosekana namba zitaruka, tuseme kutoka 64 hadi 81. Pitisha kidole pembeni ukiangalia namba hadi mwisho; ni kazi ya dakika moja. La tatu, wino uliofifia, maandishi yanayopanda upande mmoja wa ukurasa na jalada lililopauka ni dalili za nakala ya wizi. Mbali na kumdhulumu mwandishi, nakala hizo hupoteza vistari na alama za mkato, na katika ushairi hilo linaharibu mizani. PDF zinazozunguka WhatsApp zina tatizo hilo hilo, na nyingi hukatikia njiani. La nne, kama ni tafsiri, tafuta jina la mfasiri ukurasa wa ndani. Lisipokuwepo, rudisha kitabu mezani.

Kisha jaribu lugha yenyewe. Fungua ukurasa wa kwanza na mmoja wa katikati. Maneno mawili matatu usiyoyajua kwa ukurasa ni ya kawaida; yakizidi saba, kiache kwa sasa ununue kingine cha jambo hilo hilo kilicho chepesi zaidi. Tazama na mwaka wa chapa ya kwanza, maana kitabu kilichochapwa upya juzi kinaweza kuwa cha miaka ya 1960.

Kwa vitabu vipya, fuata tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, imetoa washindi wa riwaya na wa ushairi tangu 2015, na Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon na Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto zilipatikana kwa njia hiyo. Upande wa tawasifu, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu (2021) ya hayati Ali Hassan Mwinyi, Rais wa zamani wa Tanzania, ni nene, lakini imeandikwa kwa Kiswahili cha mtu anayeijua lugha, jambo lisilo la kawaida kwa vitabu vya viongozi wetu, ambao wakistaafu hukimbilia Kiingereza.

Visomwe vipi kwa pamoja? Visizidi vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja na saa yake. Riwaya usiku, kurasa 20: ya kurasa 200 itakwisha kwa siku kumi. Shairi asubuhi, kabla ya simu. Tawasifu ndiyo ya daladala au matatu, kwa kuwa ukikatizwa na kondakta unaweza kuurudia mkondo bila shida. Riwaya mbili kwa wakati mmoja usijaribu, hasa za Said Ahmed Mohamed, maana wahusika wataanza kutembeleana.